Simile, Simile: Alfajiri ya Kipupwe Katika Barabara ya Namanga

Kipupwe kimeingia. Huku kwetu pwani kuingia kwake ni neema: joto la kaskazi limekwenda zake, kusi inavuma, watoto wanalala bila ya feni, na mtu akijifunika shuka moja hujiona amefika. Bara mambo ni mengine. Kitengela, mji wa kaunti ya Kajiado ulioko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hupambazukiwa mwezi wa Julai kwa baridi ya karibu nyuzi 12, na wingu hulala juu ya mbuga mpaka adhuhuri inakaribia. Manyunyu yake hayana kishindo kama masika yetu. Hayasikiki juu ya bati. Mtu hutoka nje akidhani kumekauka, na kabla hajafika kwenye lami nguo imekwisha kumshika mwilini.

Tulikwenda huko kumzuru dada yetu, tukakaa kwake siku tano. Wengi katika wasomaji wetu wana mtu Kitengela: mwana, mume, binti aliyeolewa huko, mpwa aliyepata kibarua Athi River. Simu zao hutuletea salamu na pesa za matumizi. Habari za barabara hazituletei, kwa kuwa aliye mbali hapendi kumtia mzazi wake hofu. Tumeona tuziandike sisi.

Mume wa dada yetu ni dereva wa lori la saruji. Mwana wao wa kwanza, kijana wa miaka 23, ameajiriwa katika kiwanda kimoja cha nguo kwenye eneo la EPZ, naye huenda kazini kwa baiskeli. Baba na mwana huswali alfajiri pamoja, hunywa chai katika birika moja, na hutoka kwa mlango mmoja kabla ya saa kumi na mbili, giza lingali limetanda. Wakishafika barabarani kila mmoja huwa ni wa kabila lake. Baba huwa wa madereva na mwana wa wapanda baiskeli, na makabila hayo mawili hayapatani.

Usiku wa kwanza tuliyasikia hayo kwenye chakula. Kijana alirejea suruali yake imetapakaa tope hadi mapajani. Mama yake akamuuliza, naye akajibu kwa upole kwamba lori moja limempita karibu mno penye dimbwi, akalazimika kuteremka kwenye changarawe. Baba hakuinua macho kutoka kwenye sahani.

"Lilikuwa na haki yake," akasema. "Nyinyi wa baiskeli mwajipenyeza kama uzi kwenye tundu la sindano. Mimi nina tani thelathini mgongoni. Nikikanyaga breki hapa, nasimama kule."

"Baba, samahani," akasema kijana. "Sisi twapenda kukaa pembeni. Lakini pembeni kuna matatu."

Dada yetu akaondoa sahani kabla hawajamaliza, jambo ambalo katika nyumba ile ni ishara ya kufunga mazungumzo.

Barabara wanayogombania ni ile iendayo Namanga, kwenye mpaka wa Tanzania. Inaanzia Athi River, inapasua katikati ya Kitengela, inapita Isinya na mji wa Kajiado, kisha inashuka hadi mpakani. Miaka ya nyuma ilikuwa njia ya wafugaji na wasafiri wachache. Leo ni njia kuu ya biashara ya Afrika Mashariki, na malori hayalali. Mji nao umekua kwa haraka isiyo kifani. Hesabu ya watu ya 2019 iliwakuta Kitengela zaidi ya watu 150,000, na miaka kumi kabla yake hawakufika nusu ya hao. Eneo la EPZ lilianza baada ya sheria yake kupitishwa mwaka 1990, na viwanda vya saruji vya Athi River vimelizunguka. Kila alfajiri maelfu ya watu hutoka majumbani kuelekea upande mmoja kwa wakati mmoja, wengi wao wanawake wa viwanda vya nguo, wakitembea makundi makundi huku wamejifunga leso kichwani na shuka za Kimasai mabegani.

Mwenye kulipa matatu hulipa. Lakini nauli hupanda kukinyesha, na mshahara wa mshonaji haupandi kwa mvua. Kijana wetu alitupigia hesabu: kwenda na kurudi ni shilingi 100 kwa siku ya kawaida, na kwa siku ishirini na sita za kazi ni shilingi 2,600. Kwa pesa hizo humlipia mdogo wake chuoni. Baiskeli yake ni ile nyeusi nzito iitwayo Black Mamba, aliyoinunua kuukuu na kuitengeneza mwenyewe. Ina keria ya kubebea gunia na haina taa. Tuliona jambo hilo tangu siku ya kwanza, tukanyamaza kwanza.

Watu hudhani kuwa kipupwe huongeza giza kwa sababu siku hupungua. Sivyo. Kitengela iko karibu na ikweta, na urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Jua la Julai huchomoza yapata saa kumi na mbili unusu. Ni wingu linaloila ile nusu saa ya nuru ya kwanza, na ukungu wa mbugani unaokuja juu yake. Hapo ndipo dereva hupangusa kioo kwa kiganja kwa sababu pumzi imekifunga kwa ndani, na mpanda baiskeli huinamisha uso ili manyunyu yasimwingie machoni. Wote wawili wanakwenda bila ya kuona vizuri. Tofauti ni kwamba mmoja yumo ndani ya chuma.

Tulisimama kando ya barabara asubuhi mbili, tumejitanda mitandio miwili kila mmoja, tukatazama. Pembeni mwa lami, ambapo mpanda baiskeli angepata nafasi yake, palikuwa na kila kitu: pikipiki za bodaboda zikisubiri abiria, mama wa chai na jiko lake, marundo ya kokoto, na matatu zilizochoka kungoja foleni zikapita hapo hapo kwa kasi na honi. Baiskeli ikifika penye matatu iliyosimama haina budi kutoka na kuingia katikati ya lami. Lori linalokuja nyuma yake halikuona lile kizuizi. Linaiona baiskeli tu, ikijitupa mbele yake bila ya sababu. Dereva hupiga honi ya hasira. Mpanda baiskeli hugeuka na kutoa neno ambalo gazeti la jamii haliwezi kuliandika.

Na hatuwezi kuwatetea wapanda baiskeli kwa kila jambo. Tuliwaona waliovaa makoti meusi usiku mweusi, wasio na taa wala kitu cha kung'aa. Tuliwaona waliokuja kinyume cha mwendo wa magari, ati ili waone kinachowajia. Mmoja alikuwa amejifunika kofia ya jaketi na kuziba masikio kwa nyaya za simu, akipepesuka kwa uzito wa madumu mawili ya maziwa. Dereva akimgonga huyo, tutamlaumu kwa moyo mzito.

Wanawake wapandao baiskeli ni wachache, lakini wapo. Mmoja, mfanyakazi wa kiwanda na Muislamu kama sisi, alituonyesha namna anavyovaa suruali pana ndani, kisha hulikunja buibui na kulibana kwa vibanio vya nguo ili lisinaswe na mnyororo. Tulimuuliza kuhusu magari. Akasema magari ameyazoea, asichokizoea ni maneno ya utingo wanaochungulia dirishani na kumwambia arudi nyumbani akapike. "Nikirudi nitapika nini?" akatuuliza, na hatukuwa na jibu.

Kisheria jambo hili si la mjadala mrefu. Sheria ya Barabarani ya Kenya, Sura ya 403, inaweka mwendo wa kilomita 50 kwa saa ndani ya miji, na Kitengela ni mji, hata kama dereva atokaye Namanga angali na mwendo wa mbugani kwenye mguu wake. Marekebisho ya 2012 yamelifanya kosa la jinai tendo la kuendesha gari kwenye njia ya waendao kwa miguu ili kukwepa msongamano. Kikomo hicho cha mwendo hakikutungwa kwa kukisia. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mtu akigongwa na gari lililo katika mwendo wa kilomita 65, hatari ya kufa ni mara nne na nusu ya ile ya kilomita 50. Kilomita kumi na tano hizo dereva hazihisi. Na katika ripoti yake ya 2023 shirika hilo lilihesabu watu milioni 1.19 wanaokufa barabarani kila mwaka duniani, zaidi ya nusu yao wakiwa waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki, yaani wale wasio na bati la kuwakinga.

Sisi tuliolelewa Mji wa Kale twakumbuka neno "simile". Hamali akija na mkokoteni wake, au mwenye punda akiteremka kichochoro, alitangulia kulitoa kwa sauti: simile, simile! Watoto tulijibana ukutani akapita. Neno hilo, wasemavyo wajuzi, latokana na Bismillahi. Mwenye mzigo mzito ndiye aliyelisema, na alilisema mapema, kwa kuwa alijua kuwa yeye ndiye awezaye kuumiza. Honi ya leo ni mjukuu wa neno hilo aliyekosa adabu.

Dini yetu imelitamka jambo hili kwa uwazi. Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba aliyepanda ndiye amwanzaye kwa salamu mwenye kwenda kwa miguu. Twazoea kuisoma kama adabu ya salamu peke yake. Kwa fahamu yetu, na mashekhe watatusahihisha, ndani yake mna mizani pia: aliyeinuliwa juu ya mwenzake ndiye mwenye deni la kuanza wema, na kadiri alivyopanda juu ndivyo deni linavyokua. Kwa mizani hiyo lori lina deni kwa matatu, matatu kwa baiskeli, na baiskeli kwa mama mwenye jiko la chai, ambaye wapanda baiskeli nao humpigia kengele kama kwamba njia ni yao peke yao.

Jumapili lori lilikuwa limeegeshwa uwanjani, na tukafanya mchezo. Tulimwomba shemeji yetu amruhusu mwanawe akae kwenye usukani. Sisi tukaichukua ile Black Mamba, tukasimama nayo upande wa kushoto, karibu na gurudumu la mbele, mahali ambapo mpanda baiskeli hukaa kila siku akidhani anaonekana. Kijana akatazama mbele, akatazama kioo cha pembeni, akainuka kidogo na kutazama tena.

"Mama mdogo, mko wapi?"

Tulikuwa umbali wa mkono kutoka mlangoni. Tukajibu, naye bado hakutuona; akafungua mlango na kuinamisha kichwa, ndipo akaiona kofia yetu ya sufi. Alikaa kimya hapo juu kwa muda. Dereva wa Kenya hukaa kulia, na kibini ni kirefu. Kushoto, chini, pana kipande cha ardhi ambacho hakimo machoni mwake kabisa isipokuwa ameongezewa kioo kingine. Kijana alikuwa amekaa miaka miwili akipita ndani ya kipande hicho kila alfajiri.

Kisha ikawa zamu ya baba. Alicheka, akasema yeye alipanda baiskeli Kilifi kabla mwanawe hajazaliwa. Akaichukua hadi kwenye duka lililo ng'ambo ya barabara ya Namanga kununua mkate. Alirudi baada ya nusu saa, akaiegemeza ukutani, akaenda kunawa miguu. Alipoulizwa akasema mkate ulikuwa umekwisha duka la kwanza. Hatukuuliza zaidi.

Usiku ule dada yetu alitueleza jambo ambalo hatukulijua, na mwenyewe ameridhia tuliandike bila ya majina. Miaka mingi iliyopita, usiku wa mvua mbali na hapa, mumewe alimgonga mpanda baiskeli, na mtu yule akafariki. Polisi walichunguza wakaona hana hatia. Marehemu hakuwa na taa. Mwenye gari akamwambia arudi kazini. Lakini yeye alijua kitu ambacho polisi hawakukijua: taa za gari lililomkabili zilikuwa zimempofusha kwa sekunde kadhaa, naye hakupunguza mwendo. Akaenda kwa shekhe. Shekhe akamsomea aya ya 92 ya Suratun-Nisaa, inayoeleza diya kwa jamaa wa aliyeuawa kwa makosa, na kafara ambayo kwa asiye na mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Akamwambia kuwa asiye na kosa lolote hana kafara, na mwenye kosa, hata likiwa dogo, anayo. Na kwamba hapo mwenye kujua ni yeye na Mola wake.

Alifunga siku zote, huku akiendesha. Siku ya thelathini na kitu alishikwa na homa akafungua kwa udhuru, kisha akaendelea. Jamaa wa marehemu aliwatafuta mwenyewe. Walikubali kidogo alichoweza, wakasamehe kilichobaki. Mwanawe hajui. "Akimkaripia yule mtoto juu ya baiskeli," alituambia dada yetu, "mimi najua anamkaripia nani."

Tangu hapo hatukuweza kulisikia lile neno la "haki yake" kama tulivyolisikia usiku wa kwanza.

Yapo mengi ambayo nyumba moja haiwezi. Njia ya baiskeli haiwekwi na mama wa nyumbani. Hata hivyo kuna nchi ambayo wazazi waliianza kazi hiyo. Uholanzi, ambayo leo ina baiskeli nyingi kuliko watu, mwaka 1971 ilipoteza barabarani watu wapatao 3,300, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi, akina mama wakiwa mbele, walifunga mitaa kwa miili yao na watoto wao, wakaanzisha harakati ambayo jina lake kwa lugha yao lilikuwa takriban "Acheni kuua watoto". Mwaka 1973 nchi za Kiarabu ziliponyima nchi hiyo mafuta, serikali ilipiga marufuku magari siku za Jumapili, na watu wakaona kwa macho yao mji unavyokuwa bila ya magari. Njia za baiskeli zilizofuata zilijengwa kwa miongo, kipande baada ya kipande.

Wanawake wa darsa ya Kitengela walipotuuliza waanzie wapi, tuliwapa tulichokijua. Barabara ya Namanga ni ya taifa, iko chini ya KeNHA, mamlaka iliyoundwa kwa Sheria ya Barabara ya 2007. Ukimlalamikia diwani kuhusu lami ile atakwambia kwa haki kuwa si yake. Lakini njia za mitaani kwa jumla ni dhamana ya kaunti, na bajeti ya kaunti haina budi kupitia vikao vya wananchi. Kikao kinachofanyika mchana wa siku ya kazi hujaa wanaume wasio na kazi na wenye maslahi. Mama mmoja akasema vikao hivyo hutangazwa kwa karatasi zinazobandikwa mahali ambapo yeye hapiti. Wakakubaliana mmoja wao awe anapita.

Lililokuwa katika uwezo wetu lilikuwa dogo. Jumatatu jioni tulikwenda sokoni na dada yetu tukanunua taa mbili za betri, nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma, na kipande cha utepe unaong'aa wa aina wanayobandika nyuma ya malori. Dada aliushona utepe kwenye mgongo wa koti la mwanawe, mishono midogo midogo, kisha akakata kilichobaki na kukizungushia mikono yote miwili. Shemeji alitazama kazi ile bila ya kusema. Baadaye tulimsikia uwanjani akimwambia utingo wake, kwa simu, atafute kioo cha duara cha kutia upande wa kushoto, na akipata bei asimwambie kwanza.

Jumanne tuliondoka, lakini si kabla ya alfajiri yao. Kulikuwa na ukungu. Baba na mwana walisoma ile dua ya kupanda chombo, iliyomo katika Suratuz-Zukhruf, kila mmoja mbele ya chombo chake. Kijana alitangulia, nukta nyekundu ilionekana hadi kwenye kona, na kabla ya hapo tulikuwa hatumwoni akishafika kwa jirani. Lori likafuata baada ya dakika kumi.

Dada yetu hakuingia ndani. Alikaa kibarazani na tasbihi yake, simu mapajani, kama akaavyo kila siku. Ujumbe wa mwana ulikuja saa kumi na mbili na dakika arubaini: amefika. Ule wa baba haukuja hadi saa nne, kutoka Namanga, na hapo ndipo alipoinuka kwenda kuteleka uji.